Nilisema Chuo ni Bure, Gunia la Unga Likanijibu

Wasee, leo sijakuja na hasira. Nimekuja kurudisha maneno yangu.

Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka ile vidio. Nilikaa mbele ya kamera nikawaambia chuo ni bure. Niliacha mwaka wa pili, nikashika leptopu, na sai nalipa nyumba na pesa ya animesheni. Nikawapa na mfano wa nguvu: Walt Disney mwenyewe aliacha shule ya upili akiwa na miaka 16, na oneni alikofika. Mkapenda, mkashea, komenti zikajaa moto.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja akaniandikia inboksi. Ako mwaka wa kwanza. Anasema ameamua kuacha, juu mimi nimemwonyesha inawezekana. Akamaliza na "asante bro".

Hiyo asante imeninyima usingizi, manze. Kuna vitu viwili sikuwaambia kwenye ile vidio. Kimoja nitakisema mwisho, juu ni cha aibu. Kingine ni historia, na hata mimi sikuijua hadi nilipopewa kazi ya pakiti ya unga.

Mwezi wa tatu mama mmoja mwenye duka la jumla alinitafuta. Alitaka vidio ya sekunde kumi: pakiti ya unga inaruka kutoka kwa rafu, inatua mezani, inafurahi. Kazi rahisi. Nikachora pakiti poa sana. Nikaiwekea macho, mdomo, mikono, kivuli, hata mng'ao wa karatasi. Alafu nikaiambia programu itoe pakiti hapa iipeleke pale. Programu ikafanya vile iliambiwa.

Mama akaangalia mara moja, akaangalia tena. Akaniuliza, "Kijana wangu, hii ni kilo ngapi?"

Nikamwambia, "Kilo mbili, mama. Si imeandikwa hapo mbele?"

"Imeandikwa," akasema. "Lakini haionekani."

Huyo mama amebeba unga maisha yake yote. Hajui chochote kuhusu fremu, lakini mikono yake inajua kilo mbili zikianguka zinafanya nini. Pakiti yangu ilitua kama picha imebandikwa. Ilikuwa na macho makubwa na bado ilikuwa imekufa.

Nikarudi nyumbani na kiburi kimepasuka. Nikaanza kutafuta usiku kucha: unga unasonga vipi? Na hapo ndipo nikakutana na kitu kilinishangaza. Karibu miaka mia moja iliyopita, kule Los Angeles, wachoraji wa studio ya Disney walikuwa na zoezi maarufu. Hawakuanza na binti mfalme wala simba. Walichora gunia la unga lililojaa nusu.

Gunia halina uso, mikono wala macho. Mchoraji alifaa kulifanya lionekane limefurahi, limechoka, limekasirika, ama linaona haya, kwa kulikunja na kulinyoosha tu. Ukiweza kufanya gunia lihuzunike, hakuna kitu hutaweza kukipa uhai.

Sasa turudi nyuma kidogo ndio mwone zoezi hilo lilitoka wapi.

Mwaka 1928 Steamboat Willie ilipotoka, Mickey Mouse alikuwa na mikono kama mpira wa kumwagilia maji shambani. Haikuwa na kiwiko wala mfupa. Karibu katuni zote za Marekani wakati huo zilikuwa hivyo. Zilichekesha, na kusonga zilisonga, lakini hazikuwa na uzito. Kitu kingeweza kuanguka kutoka mbinguni na usisikie chochote tumboni.

Si ati hakuna mtu alikuwa anajua. Mwaka 1914, Winsor McCay alichora dinosaria anaitwa Gertie, na ukimtazama hata leo unaona mnyama mzito kweli kweli. Akihamisha mguu mmoja, mwili wote unabadilika. Lakini McCay alifanya kazi karibu peke yake. Ujuzi ulikuwa ndani ya mkono wake, na mkono wa mtu mmoja haufundishi kizazi kizima.

Hapa ndipo Walt Disney anaingia, na hapa ndipo niliwadanganya kwa kuwapa nusu ya hadithi.

Ni kweli aliacha shule akiwa na miaka 16. Alienda kujiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Msalaba Mwekundu, akapelekwa Ufaransa wakati vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha tu. Lakini kabla aondoke, akiwa bado Chicago, alikuwa akitoka shuleni mchana na usiku anaenda darasa la sanaa. Baadaye akiwa Kansas City alijifunza animesheni kutoka kwa kitabu cha Edwin Lutz, na kitabu chenyewe alikitoa maktaba ya umma. Na alipokuwa na studio yake mwenyewe, mtu huyo tunamwita shujaa wa walioacha shule alifanya nini? Aliwapakia wachoraji wake kwa gari yake usiku na kuwapeleka darasani.

Shule yenyewe ilikuwa Chouinard, chuo cha sanaa cha Los Angeles. Mwaka 1932 akaamua kuleta darasa ndani ya studio. Akamwajiri mwalimu wa Chouinard, Don Graham, awafundishe wafanyakazi jioni. Kumbuka huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka uliofuata, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Hawa jamaa walikuwa na kazi tayari na mshahara unaingia. Na bado wanamaliza kuchora katuni mchana, jioni wanakaa chini na penseli kumchora mtu aliyesimama mbele yao, wajue nyonga inaenda wapi bega likishuka.

Graham hakuwa hata fundi wa animesheni. Alikuwa mwalimu wa kuchora. Kwa hivyo walikuwa wanafundishana: yeye anawaambia mwili unafanyaje kazi, wao wanamwonyesha karatasi inafanyaje kazi. Mwishoni mwa 1935 Walt akamwandikia Graham waraka mrefu kueleza mchoraji anafaa kufundishwa nini. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba katuni haifai kunakili maisha vile yalivyo. Inafaa kuyatia chumvi, lakini huwezi kutia chumvi mchuzi ambao hujauonja. Huo mfano ni wangu, lakini maana ni hiyo.

Kulikuwa pia na chumba kidogo chenye joto ambapo michoro ya penseli, kabla itiwe wino na rangi, ilipigwa picha na kuonyeshwa kwenye mashine. Wachoraji walikiita chumba cha jasho. Unakaa hapo na bosi na wenzako, kazi yako inapita, na kila kosa linaonekana. Unarudi mezani unachora tena.

Kutoka kwa hayo madarasa na hilo jasho, wakaanza kuvipa majina vitu walivyokuwa wanaviona. Kwangu hii ndiyo sehemu kubwa ya historia yote. Kitu kikiwa na jina, unaweza kumwambia mwenzako "hapa imekosa hiki" na akaelewa. Gertie alikuwa na uzito, lakini sasa uzito ulikuwa na maneno.

Acha niwape machache. Mtayajua, juu mmeyaona Nairobi maisha yenu yote.

Kubonyea na kunyooka. Angalia mama akikanda donge la chapati. Akilibonyeza linapanuka kando, akilivuta linarefuka na kukonda, lakini unga ni ule ule. Hauongezeki, haupungui. Wanaoanza wengi tunasahau hiyo. Mpira wetu ukigonga chini tunaupunguza urefu na hatuuongezi upana, kwa hivyo unaonekana umetoboka.

Maandalizi. Makanga hawezi kuruka kutoka kwa mat inayotembea bila kukunja goti kwanza. Mchezaji akitaka kupiga penalti, mguu unaenda nyuma kabla uende mbele. Kabla ya kila tendo kuna tendo dogo la upande wa pili. Ukilitoa, jicho la mtazamaji linaachwa nyuma.

Mwendelezo. Boda akifunga breki, pikipiki inasimama, lakini wewe uliyekaa nyuma bado unaenda, na mfuko wako wa shoping unafika wa mwisho. Vitu havisimami pamoja.

Kuanza polepole na kumaliza polepole. Rusha sarafu juu. Karibu na kilele inasita, kama inafikiria, alafu inashuka ikiongeza kasi. Kwa michoro, hiyo inamaanisha kule juu michoro inakaribiana na karibu na ardhi inaachana. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, na mara nyingi mchoro mmoja unashikilia fremu mbili, kwa hivyo una michoro kama 12 tu ya kucheza nayo. Mahali unaiweka ndiyo tofauti ya puto na jiwe.

Kwa jumla kanuni zilifika 12. Zote zinajibu swali la yule mama: hii ni kilo ngapi? Na swali lingine linalolifuata: inataka nini?

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1933 ikatoka Three Little Pigs. Nguruwe watatu wanafanana karibu kabisa, na bado unawatofautisha, juu kila mmoja anatembea kwa tabia yake. Mwaka 1934, kwenye Playful Pluto, mbwa anakwama kwa karatasi ya gundi ya kunasa nzi. Ni hivyo tu. Lakini unamwona Pluto akifikiria: anaangalia, anajaribu, anashindwa, anapata wazo jingine baya zaidi. Alafu tarehe 21 Desemba 1937, Snow White ikaonyeshwa Los Angeles kwa mara ya kwanza. Ni katuni ndefu ya zaidi ya saa moja, na watu wazima walilia ukumbini. Waliililia karatasi iliyopakwa rangi.

Sitaki mdhani kule kulikuwa mbinguni. Wanawake wengi waliwekwa idara ya wino na rangi, wakifuata mistari iliyochorwa na wanaume, na milango ya kuchora wahusika ilikuwa karibu imefungwa kwao. Mwaka 1941 wafanyakazi wa studio waligoma wakidai chama chao kitambuliwe, na mgomo huo uliacha vidonda. Kampuni inaweza kukufundisha vizuri na bado ikakukosea. Hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Lakini ujuzi wenyewe ulikataa kufa. Wachoraji wawili walioingia katikati ya miaka ya 1930, Frank Thomas na Ollie Johnston, walistaafu mwaka 1978 na badala ya kupumzika wakaandika kila kitu. Mwaka 1981 kitabu chao kikatoka, The Illusion of Life, yaani kiinimacho cha uhai. Hapo ndipo kanuni 12 zilipangwa pamoja kwa yeyote anayejua kusoma.

Na hapa kompyuta inaingia. Ile shule ya Chouinard iliungana na chuo kimoja cha muziki mwaka 1961, ikazaliwa CalArts. Wazee wa Disney wakaenda kufundisha huko. Mmoja wa vijana waliokaa mbele yao miaka ya 1970 alikuwa John Lasseter. Baadaye Disney ilimwajiri na ikamwacha aende, akaishia kwa kundi la wanasayansi wa kompyuta ambalo mwaka 1986 likawa kampuni ya Pixar.

Mwaka huo huo, kwenye mkutano wa wataalamu kule Dallas, akaonyesha filamu fupi ya dakika kama mbili: Luxo Jr. Ni taa mbili za mezani na mpira. Taa hazina macho wala mdomo. Tena ni chuma, haziwezi kubonyea. Kwa hivyo alifanya nini? Taa ndogo inajikunja kwenye viungo vyake kabla ya kuruka, na huko kujikunja ndiko kubonyea kwake. Na ndogo si kubwa iliyopunguzwa tu. Kofia yake ni ndogo na fito zake ni fupi, lakini balbu ni ile ile, juu balbu haikui, balbu unanunua dukani. Hapo ndipo macho yetu yanasema: huyu ni mtoto.

Baada ya kuonyesha, mwanasayansi mmoja mkubwa wa picha za kompyuta, Jim Blinn, akamfuata. Lasseter alidhani anaulizwa hesabu ya vivuli. Blinn akauliza: ile taa kubwa ni mama ama baba?

Ukumbi umejaa watu wa hesabu, na swali ni la familia. Mwaka uliofuata, 1987, Lasseter akaandika makala kuwaeleza watu wa kompyuta kanuni za wale wazee, moja baada ya nyingine. Leo programu nyingi za animesheni, hata za bure kwa simu, zina kale kamstari kaliyopinda ka kuanza polepole na kumaliza polepole. Hiyo ni jioni ya Don Graham iko ndani ya simu yako.

Imefika na hapa kwetu kwa njia ya kazi. Tinga Tinga Tales, ile ya hadithi za wanyama iliyoanza kuonyeshwa 2010, animesheni yake ilifanywa Nairobi, Homeboyz. Picha zake zimetoka kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, mtindo wa rangi kali na umbo bapa lisilo na kivuli. Umbo bapa hivyo, na bado ukimtazama ndovu unaamini ni ndovu. Uzito uko kwa mwendo.

Sasa turudi kwa pakiti yangu.

Nilifuta macho, mdomo na mikono. Nikaenda jikoni nikachukua pakiti ya ukweli, nikaiangusha mezani mara kama thelathini nikiirekodi na simu. Jirani akagonga ukuta. Nikaona vitu sikuwahi kuviona. Kona moja ya chini inagonga kwanza. Tumbo linafura kando. Unga ndani bado unashuka wakati karatasi imesimama. Pembe za juu zinainama mwisho kabisa, kama mtu anavuta pumzi. Nikachora hivyo. Alafu nikaongeza kaujanja: kabla iruke kutoka kwa rafu, inajikunja kidogo na kusita. Inaogopa.

Nikampelekea mama. Hakuniuliza macho yameenda wapi. Alicheka, akasema, "Eeh. Hii sasa ni kilo mbili. Na ni mwoga."

Hiyo ndiyo pesa tamu zaidi nimewahi kulipwa.

Sasa ile siri ya aibu. Sikuacha chuo juu nilikuwa jasiri. Karo ilikwama, sikuruhusiwa kufanya mtihani wa muhula, nikaona haya kumwambia mtu. Nikatunga hadithi ambamo mimi ndiye niliwaacha, na si wao waliniacha. Nilipoiweka kwa vidio ikawa tamu hadi nikaiamini. Sikusema pia kwamba baada ya hapo nilikaa karibu miaka miwili nikirudia makosa yale yale kwa chumba changu, juu hakukuwa na mtu wa kuniuliza hii ni kilo ngapi.

Mimi sijageuka kuwa mtu wa "soma ndio ufanikiwe". Najua vyeti vinakaa droo. Najua kuna madarasa mwalimu anasoma noti za mwaka 2005. Lakini historia ya hili gunia inasema kitu kimoja ambacho siwezi kukizunguka: hata yule aliyeacha shule alijenga darasa. Hakuna aliyejifunza uzito peke yake hadi ukawa wa wote. Chuo unaweza kukikosa ama kikakukosa. Chumba cha jasho huwezi kukikosa na ubaki hai kwa hii kazi.

Kwa hivyo, kijana wangu wa inboksi, nimekujibu jana na narudia hapa mbele ya watu. Usiache juu yangu. Kama una sababu zako, ni zako, zipime. Kama ni karo, sema karo, usiiite ujasiri kama mimi. Na kama tayari umetoka, usikae peke yako.

Kila Jumamosi saa nane, mimi na wasee watatu tunakutana kwangu Umoja, tunaangalia kazi za kila mmoja na hakuna kusifiana bure. Wiki hii zoezi ni mpira unaodunda, bila uso, bila rangi. Nitumie wako. Usiniambie ni mpira wa nini. Mimi nitakuuliza.